Brokoli ya Nyuma ya Jikoni: Ikate Kabla Haijachanua

Zamani ukitaja brokoli watu walidhani ni chakula cha hotelini. Siku hizi ukipita Njabini, Engineer au viungani mwa Ol Kalou utaikuta nyuma ya jikoni, mistari miwili mitatu kando ya sukuma wiki na vitunguu. Wengine wameipanda kwenye magunia karibu na mlango. Hali ya hewa ya Nyandarua inaifaa: sehemu kubwa ya kaunti yetu iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na brokoli hustawi vizuri penye nyuzi 15 hadi 20 za Selsiasi. Kuipanda, basi, wengi wameweza. Linalowashinda ni kujua siku ya kuikata.

Mwaka jana nilitembelea boma moja ambako mama mwenye nyumba alikuwa amepanda miche 40, nusu ya kulisha watoto na nusu ya kumuuzia mwenye mkahawa wa karibu. Siku hiyo vichwa vilikuwa vimekaza vizuri, kijani kilichokolea, upana wa kisahani cha kikombe. Nikamwambia, "Mama, hizi zimefika." Akacheka. "Afisa, hizi bado ni watoto. Kabeji zangu nilizikata zikiwa na kilo tatu." Akaamua kungoja wiki moja zaidi, na wiki hiyo jua likawaka sana. Niliporudi bustani ilikuwa imegeuka manjano, nyuki wanazunguka juu yake, na mwenye mkahawa alikuwa ameshanunua kwingine. Kazi ya miezi mitatu, pamoja na maji aliyoyabeba kwa mtungi, iliishia kwa ng'ombe.

Mama huyo si mzembe. Alifanya kile ambacho mkulima yeyote wa kabeji angefanya, na kosa lilianzia hapo.

Unachokula ni maua ambayo hayajafunguka

Brokoli, kabeji, sukuma wiki na koliflawa ni ndugu wa karibu sana. Wataalamu wa mimea huziweka zote katika spishi moja, Brassica oleracea. Tofauti yake ni sehemu tunayokula. Sukuma wiki tunachuma majani. Kabeji pia ni majani, ila yamejikunja na kushikana. Kwa hivyo kabeji iliyokomaa inaweza kukungojea shambani siku kadhaa bila kuharibika, mradi mvua nyingi isiipasue.

Kichwa cha brokoli ni kitu kingine kabisa. Ni maelfu ya vitumba vya maua vilivyosongamana juu ya matawi manene. Mmea haukuviunda kwa ajili ya sufuria yetu. Unataka kuchanua, kuvutia nyuki na kuzaa mbegu. Kichwa kikishakomaa hakitulii mahali pamoja, kinaendelea na safari yake ya kwenda kwenye maua. Mkulima anayekiona kinapanuka hudhani kinanenepa, kumbe matawi yanarefuka na vitumba vinaachana. Uzito hauongezeki kwa kiasi cha kufaa, na utamu unapungua.

Ndiyo maana ukubwa peke yake si kipimo. Kuna aina za brokoli zinazokomaa kichwa kikiwa na sentimita 10 tu, na nyingine hufika sentimita 20. Bustani za nyumbani, hasa zile ambazo miche imepandwa karibu karibu, mara nyingi hutoa vichwa vya sentimita 10 hadi 15. Ukiwa na miche ya aina ndogo ukaingoja ifikie ya jirani yako, utavuna maua.

Namna ya kukikagua kichwa

Anza na vitumba. Inama juu ya mmea asubuhi kukiwa na mwanga wa kutosha, utazame kimoja kimoja. Kitumba kilicho tayari huwa na ukubwa wa kichwa cha njiti ya kiberiti au pungufu kidogo, na kimefumba kabisa. Usitazame katikati tu. Pembezoni mwa kichwa ndiko hulegea kwanza, na wengi hudanganyika kwa sababu katikati bado pamefungamana. Vitumba vya pembeni vikianza kuvimba na kuachana, kata siku hiyo hiyo hata kama ulikuwa na safari ya Nyahururu.

Kisha tumia mkono. Tandaza kiganja juu ya kichwa na ubonyeze polepole. Kichwa kizuri ni kigumu kama ngumi iliyokunjwa. Kikibonyea kama sponji, au ncha ya kidole ikiweza kupenya kati ya matawi, kimeanza kupitwa.

Halafu rangi. Aina nyingi huwa za kijani kilichokolea, baadhi zina samawati kidogo. Baridi kali inaweza kuleta zambarau juu ya kichwa, na kila msimu wa baridi tunaulizwa kama huo ni ugonjwa. Si ugonjwa, na ukipika rangi hiyo hupotea. Manjano ndiyo ya kuogopa. Ukiona hata vitumba vichache vinaonyesha manjano, usisubiri jioni. Kichwa hicho bado ni chakula kizuri ukikikata saa hiyo. Kesho kutwa hakitakuwa.

Jambo moja linalochanganya watu waliowahi kupanda koliflawa: brokoli haihitaji kufunikwa kwa majani yake ili isichomwe na jua. Iache wazi. Ukiifunga hutaweza kuikagua, na unyevu utakaa ndani.

Kalenda inasaidia, lakini haiamui

Andika tarehe uliyohamisha miche kutoka kitaluni. Aina nyingi hukomaa siku 60 hadi 90 baada ya kuhamishwa. Soma pakiti ya mbegu kwa makini, maana nyingine huhesabu tangu kuhamisha miche na nyingine tangu kupanda mbegu, na hapo kuna tofauti ya mwezi mzima. Pia, siku zilizoandikwa kwenye pakiti ni za mahali penye joto la wastani. Walio juu, upande wa Aberdare, wanaweza kuongeza wiki moja au mbili kwa sababu usiku wao ni wa baridi na mmea huenda polepole.

Kazi ya tarehe ni kukuambia uanze kutazama lini. Utaona kichwa kidogo kikichungulia katikati ya majani, ukubwa wa sarafu ya shilingi 20. Tangu hapo kagua kila baada ya siku mbili. Kwa kawaida huchukua wiki mbili hadi tatu kufikia kukatwa, zaidi kidogo wakati wa baridi ya Julai. Kichwa kikifika upana wa kiganja, kagua kila asubuhi. Si kazi kubwa. Ukitoka kukamua ng'ombe, pitia bustanini kabla ya kuingia ndani.

Usitarajie miche yote ifike siku moja. Hata iliyohamishwa pamoja hutofautiana kwa wiki moja au zaidi, na kwa jikoni hiyo ni neema. Kata kilichofika, acha kisichofika.

Jua, mvua na baridi

Joto ndilo linaloharakisha mambo. Siku zikipita nyuzi 25 mfululizo, kichwa kilichokuwa na siku tano za kukomaa kinaweza kuchanua baada ya siku mbili. Joto pia huleta vichwa vyenye vitumba visivyolingana, vingine vikubwa, vingine vidogo, na wakati mwingine majani madogo huota katikati ya kichwa. Kichwa cha namna hiyo hakitarekebika kwa kungojewa. Kikate, ule.

Mvua ndefu za Machi hadi Mei zina hatari tofauti. Maji hutuama juu ya kichwa, vitumba hugeuka kahawia na kuoza, vikitoa harufu mbaya. Uozo huo huenea haraka. Mvua ikinyesha kila siku ni afadhali kukata kichwa kikiwa kidogo kidogo lakini kimekaza kuliko kukisubiri. Kikiwa na doa dogo tu la uozo, ondoa sehemu hiyo pana kidogo kupita doa lenyewe na upike kilichobaki siku hiyo. Kikiwa kimelainika sehemu kubwa, kitupe mbali na bustani.

Usiku usio na mawingu, hasa Januari na Julai, sehemu zetu za mabondeni hupata sakitu, yaani umande unaoganda na kuwa mweupe juu ya majani. Brokoli huvumilia sakitu nyepesi kuliko viazi. Ila usiikate ikiwa imeganda. Ngoja jua litoke iyeyuke, mmea urudie hali yake, ndipo ukate. Sakitu nzito iliyokwisha kuunguza vitumba vikawa kahawia ni habari nyingine: kata mara moja kabla uozo haujaingia.

Vichwa vidogo kama vifungo

Wapo wanaolalamika kwamba brokoli yao imetoa kichwa kidogo mno, ukubwa wa kifungo cha koti, na imekataa kukua. Wanauliza waingoje kwa muda gani. Jibu la kweli ni kwamba haitakua. Hutokea mche ukishtuka ukiwa bado mchanga: umekaa kitaluni zaidi ya wiki sita, umekosa maji baada ya kuhamishwa, umekosa chakula cha kutosha udongoni, au umepigwa na baridi nyingi mapema. Mmea hudhani maisha yake yanakwisha, ukaharakisha maua. Kata hicho kidogo, weka mbolea, na utegemee machipukizi ya pembeni. Msimu ujao hamisha miche ikiwa na wiki nne hadi tano, yenye majani manne au matano ya kweli.

Dawa ulizonyunyizia

Hapa naomba msomaji atulie kidogo, maana kosa la kungoja maua hupoteza mboga tu, lakini kosa hili linahusu afya ya watoto.

Kila dawa ya kuua wadudu iliyosajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu huwa na maandishi kwenye lebo yanayosema ni siku ngapi lazima zipite kati ya kunyunyizia na kuvuna. Nyingine ni siku 3, nyingine 7, nyingine 14 au zaidi. Siku hizo si makadirio ya duka la pembejeo, wala hazipungui kwa sababu mboga imeoshwa. Brokoli ni hatari zaidi kuliko kabeji katika jambo hili. Kabeji unabandua majani ya nje na kuyatupa. Kichwa cha brokoli unakila chote, na kina mianya mingi ambamo dawa hukaa.

Shida hutokea hivi: mtu anaona viwavi kichwa kikiwa na upana wa kiganja, ananyunyizia dawa ya siku 14, na baada ya siku 6 kichwa kiko tayari. Akingoja, kitachanua. Akikata, atakula sumu. Katika hali hiyo kichwa hicho umeshakipoteza. Usikile, usikiuze, wala usimpe ng'ombe wa maziwa. Ngoja siku zitimie, kisha chukua machipukizi ya pembeni yatakayofuata.

Kuepuka hali hiyo, acha kabisa dawa kali mara tu uonapo kichwa cha ukubwa wa sarafu. Viwavi vya nondo wa kabeji, vile vya kijani vidogo vinavyoning'inia kwa uzi ukivigusa, viokote kwa mkono asubuhi. Geuza majani utazame chini yake, ndiko mayai hutagwa. Vidukari vya kijivu vioshe kwa maji yenye sabuni kidogo wakati bado viko kwenye majani, kabla havijaingia kichwani. Ukilazimika kununua dawa, uliza ile ya kibiolojia iliyotengenezwa kwa bakteria wa Bt, ambayo huua viwavi, na bado usome lebo yake.

Kukata

Kata asubuhi, baada ya umande kukauka kidogo lakini kabla jua halijapasha kichwa joto. Kichwa kilichokatwa saa nane mchana kimebeba joto la shamba na hunyauka upesi.

Tumia kisu kikali kilichosafishwa, si mkono. Ukivunja kwa mkono unachana shina, na mahali palipochanika huingiza uozo. Shika kichwa kwa mkono mmoja, kata shina sentimita 13 hadi 18 chini ya kichwa, na ukate kwa mshazari ili maji ya mvua yateremke badala ya kutuama kwenye kidonda. Majani makubwa ya chini yaache, ndiyo yatakayolisha machipukizi.

Ukikuta shina lina tundu katikati, usishtuke. Mara nyingi ni dalili kwamba mmea ulikua upesi mno kwa mbolea nyingi ya naitrojeni, au udongo una upungufu wa boroni. Tundu likiwa safi, mboga inalika. Likiwa limegeuka kahawia na kunuka, punguza hadi ufikie sehemu nzuri.

Na shina usilitupe. Menya ganda la nje lililo gumu, ndani ni tamu na laini, wengine huona linashinda kichwa chenyewe. Majani machanga pia hupikwa kama sukuma wiki.

Ikishakatwa saa inahesabu

Brokoli huendelea kupumua baada ya kukatwa, tena kwa kasi kuliko mboga nyingi. Katika chumba chenye nyuzi 20 huanza kugeuka manjano baada ya siku mbili au tatu. Ikiwekwa penye baridi ya karibu nyuzi 0 na unyevu mwingi, hufika wiki mbili na zaidi. Friji ya nyumbani huipa takriban wiki moja.

Iweke kivulini mara tu inapokatwa. Usiioshe kabla ya kuihifadhi, osha unapotaka kupika. Kwa walio na friji, itie kwenye mfuko uliotobolewa tundu chache. Wasio na friji wanaweza kusimamisha shina ndani ya bakuli la maji mahali penye baridi, kama unavyoweka maua mezani, na mboga itadumu hadi kesho yake bila wasiwasi. Vikundi vinavyouza pamoja vinaweza kujenga kibanda cha mkaa, chenye kuta za waya zilizojazwa makaa yanayomwagiwa maji. Maji yakivukiza, ndani hupoa.

Usiiweke pamoja na ndizi zinazoiva, maparachichi, maembe wala nyanya. Matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huigeuza brokoli manjano kwa haraka ya ajabu. Nimeona kikapu kizima kikiharibika hivyo usiku mmoja na nusu, mwenyewe akalaumu mbegu.

Kabla ya kupika, loweka vipande kwenye maji yenye chumvi kwa dakika 20 hadi 30. Viwavi vilivyojificha vitaelea. Kisha pika kwa mvuke au kwa maji kidogo dakika nne au tano tu, ibaki kijani na ngumu kidogo. Ukiichemsha kama githeri unapoteza sehemu kubwa ya vitamini C, na nyumba yote itanuka.

Je, iliyokwisha kuwa manjano inalika? Ndiyo, ikiwa haijaoza. Ni chungu kidogo na laini, na maua yenyewe hayana madhara. Mnunuzi hataitaka, lakini ndani ya supu au ikikaangwa na vitunguu watoto hawatajua.

Mavuno ya pili

Wengi hung'oa mmea baada ya kukata kichwa kikubwa, na hapo hupoteza chakula cha wiki nyingi. Chini ya mkato, kwenye makutano ya majani na shina, hutoka machipukizi yenye vichwa vidogo vya sentimita 3 hadi 8. Wiki mbili au tatu baada ya kukata utaanza kuyaona.

Siku ya kukata kichwa kikubwa, zungushia mmea samadi iliyooza vizuri, au kifuniko kimoja cha soda cha CAN umbali wa sentimita 10 kutoka shinani, kisha mwagilia. Kagua kila baada ya siku tatu au nne kwa kanuni ile ile ya vitumba vilivyofumba, ila haya hukimbia kuliko kichwa cha kwanza. Yakate yote yaliyofika, hata kama siku hiyo huna haja nayo, umpe jirani. Mmea ukiachiwa uchanue tawi moja tu, nguvu zake huhamia kwenye mbegu na machipukizi mengine hupungua. Ukiutunza utavuna kwa mwezi mmoja au zaidi. Aina nyingine za chotara zimezalishwa kwa ajili ya kichwa kimoja kikubwa na hutoa machache, kwa hivyo uliza unaponunua mbegu.

Machipukizi yakianza kuwa membamba kama penseli, ng'oa mmea pamoja na mizizi yake. Tazama mizizi. Ikiwa na uvimbe mnene kama vidole, huo ni ugonjwa unaokaa udongoni miaka mingi. Choma mizizi hiyo, usiitie kwenye mbolea ya mboji. Mahali hapo panda maharagwe, vitunguu au karoti, na usirudishe brokoli, kabeji wala sukuma wiki kwa miaka mingi. Ukiwa na shaka juu ya unachokiona, funga mzizi au kichwa hicho kwa gazeti, usitumie plastiki kwa maana kitaoza njiani, umpelekee afisa wa kilimo wa wadi yako asubuhi pamoja na tarehe uliyoandika ya kuhamisha miche.